Mwalimu Kindly na Shamba la Magreth

Shuleni walimwita Mwalimu Kindly. Walidhani hajui, maana wanafunzi wote hudhani walimu ni viziwi, lakini Devotha alilijua jina hilo tangu lilipozaliwa, na ukweli ni kwamba lilimpendeza. Mwalimu wa Hesabu aliitwa Bundi. Wa Kemia alikuwa na jina ambalo hapa hatuliandiki. Ukilinganisha na hao, yeye alikuwa amepona.

Na jina hilo alikuwa amelitafuta mwenyewe. Katika darasa lake la Kiingereza, pale Kihonda, Morogoro, hupewi chaki, hufunguliwi dirisha wala huruhusiwi kwenda chooni mpaka uanze ombi lako kwa kindly, tafadhali ya Kiingereza. Mtoto angeweza kubanwa mpaka machozi yakamlenga, Devotha angesimama palepale amekunja mikono, anasubiri neno lake. Akishalipata alitabasamu na kuwaeleza wote kwamba hilo ndilo neno la mtu aliyelelewa, kwamba ukilijua hilo unaweza kuingia ofisi yoyote hapa mjini na ukatoka na ulichokifuata. Wanafunzi waliitikia, kisha wakakimbia chooni.

Ustaarabu huo hakuutoa chuoni. Aliutoa kwa baba yake, mtu wa Kasulu aliyekuja kukata miwa kwenye mashamba ya sukari na kuishi kambini na watu wa kila kabila. Marehemu alikuwa mgeni maisha yake yote, na alikuwa ameamua kuwa mgeni mwema. Alimwambia tafadhali mpishi, akamwambia nyapara, akamwambia mwenye duka. Siku moja Devotha alimsikia akimwomba mbuzi tafadhali ampishe njiani, na mbuzi akapisha. Mtoto hasahau kitu kama hicho.

Mama yake, Yustina, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Yeye ni Mluguru wa Matombo, na kinywani mwake tafadhali haikuwahi kupata kiti. Alisema "Lete chumvi," chumvi ikaletwa. Alisema "Sogea," watu wakasogea. Devotha alipokuwa msichana alimwonea aibu mbele ya wageni. Alipokua akaacha kuona aibu, akaanza kumtafsiria. Mama akisema "Ondoa baiskeli yako," Devotha alimgeukia jirani na kusema, "Mama anaomba, kama haikusumbui, usogeze baiskeli kidogo." Wakaishi hivyo miaka na miaka, mmoja anasema, mwingine analainisha.

Sasa mzee wa Kasulu alishakufa, na Yustina aliishi na binti yake katika nyumba ya kupanga jirani na stendi ya Msamvu. Alilala kwa honi za mabasi na kuamka kwa honi za mabasi. Magoti yalikuwa yamemchoka, lakini ulimi ulikuwa mzima. Na tangu mwaka uanze ulimi huo ulikuwa na neno moja tu: anataka kurudi Matombo, kwenye shamba la marehemu mama yake, Magreth, ajengewe chumba chake kwenye migomba, na akifa azikwe hapo. Hataki kufia kwenye nyumba ya mtu.

Kilichomtia haraka ni habari aliyoletewa na muuza ndizi mmoja. Kaka yake Thobias, ambaye ndiye mkuu wa lukolo, yaani ukoo wao wa upande wa mama, alikuwa amemweka mwanawe Oscar kwenye shamba lile. Oscar amepanda mananasi na mihogo, na inasemekana anataka kuchoma tofali ajenge.

Hapo inabidi nieleze jambo kidogo, maana hata Devotha mwenyewe alikuwa analijua nusunusu. Uluguruni ardhi inafuata mama. Shamba la Magreth ni la Yustina, na la Yustina ni la Devotha, na la Devotha litakuwa la binti yake aliyeko chuoni Dodoma. Thobias ni wa lukolo hilo kwa sababu tumbo lililomzaa ni la Magreth. Lakini Oscar, ingawa ni mtoto wake wa kumzaa, ni wa lukolo la mama yake, na huko ndiko ardhi yake iliko. Baba anaweza kumpenda mwanawe anavyotaka, ila ardhi ya dada zake si yake kuigawa. Thobias aliyajua hayo vizuri kuliko mtu yeyote. Lakini dada yuko mjini, magoti mabovu, miaka inakwenda, na mwana yuko mlangoni kila asubuhi. Mapenzi ya baba yalimzidi nguvu, na mimi sishangai.

"Nenda ukamwambie Thobias nakuja," Yustina alisema. "Mwambie huyo Oscar atoe vitu vyake shambani kwa mama."

"Nitamwambia, mama."

"Usikae sana. Sema, kula, rudi."

Devotha aliitikia, lakini moyoni alishakata shauri lingine. Alimwona mama anavyoharibu mambo kwa ukali. Huwezi kumwendea mzee ambaye hujawahi kukaa naye siku mbili, mkuu wa ukoo, ukamwambia toa vitu. Mambo kama haya yanataka adabu. Basi likizo ya mwezi wa sita ilipofika akaenda sokoni bila kumwambia mama, akanunua jogoo mwekundu mwenye kifua, akanunua kitenge kizuri cha mke wa mjomba, sukari na sabuni, akapanda gari la Matombo amempakata jogoo kama mtoto.

Thobias alimpokea vizuri. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Uani alikuwa ameanika mdalasini kwenye mkeka, na nyumba nzima ilinukia. Devotha akampa shikamoo, akapiga magoti, akaweka jogoo na vile vitu vingine mbele yake, kisha akatoa maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima.

"Mjomba, nimekuja kwa unyenyekevu. Tafadhali, naomba mtufikirie mimi na mama, kama itawapendeza, mtupatie sehemu kidogo ya shamba tuweze kujisitiri."

Thobias alimtazama jogoo, akamtazama mpwa wake, kisha akamtuma mtu awaite wazee wawili wa nyumba ya jirani. Devotha akaona ameheshimiwa sana. Wazee walipokaa, Thobias akamwambia, kwa upole mkubwa, "Hebu rudia mbele ya wazee hawa ulivyoniambia." Devotha akarudia, tena safari hii akaongeza adabu kidogo. Wazee wakatazamana. Mmoja akakohoa kama mtu anayetaka kusema neno, halafu akaghairi.

"Tumesikia," Thobias akasema. "Na tumepokea. Utapewa ile pembe ya chini, karibu na kijito, ulime mahindi msimu mmoja. Tukiona vizuri tutaongea tena. Kujenga, hapana."

Haikuwa yote aliyoyataka, lakini mlango ulikuwa umefunguka, na Devotha alijua jinsi ya kuingia kwenye mlango uliofunguka nusu: unashukuru, unarudi, unaomba tena. Alishukuru mpaka mjomba akainua mkono kumwambia inatosha.

Alifika Msamvu jioni na uso wa ushindi. Yustina alikuwa ameketi mlangoni anachambua mchicha.

"Amekubali, mama. Ametupa pembe ya chini kwa kuanzia."

Mikono ya Yustina ilisimama. "Ametupa?"

"Kwa msimu mmoja. Aliita na wazee, kwa heshima kabisa. Nilipeleka jogoo na kitenge, sukari kidogo."

"Ukapiga magoti?"

"Nikapiga."

"Ukasema naomba?"

"Mama, ningesemaje?"

Yustina akaweka ungo chini. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Devotha, maana mama yake alipaza sauti hata akitaka chumvi.

"Umetoa ngoto," alisema. "Unajua ngoto? Ni kitu anachotoa mgeni kwa mkuu wa lukolo ili aruhusiwe kulima ardhi isiyo ya mama yake. Anakuja na kuku, anapiga magoti, anaomba. Wanaita mashahidi, wanampa kipande, msimu wake ukiisha anatoka. Hivyo ndivyo anavyofanya Mpogoro akija, hivyo ndivyo anavyofanya mtu wa Gairo. Mtoto wa Magreth haombi shamba la Magreth. Nilikwambia ukamwambie. Nani alikwambia uombe?"

"Nilikuwa naonyesha adabu tu."

"Umeonyesha kwamba wewe si wetu, na umeonyesha mbele ya wazee wawili. Na ukishakuwa mgeni wewe, mimi niliyekuzaa ni nani? Na huyo binti yako wa Dodoma atakwenda kusema nini?" Akavuta pumzi. "Thobias hakukudanganya. Wewe mwenyewe umempa shamba, na kitenge juu yake."

Devotha aliingia ndani akakaa kitandani. Alikuwa amekasirika, na kama ilivyo kwa watu waliokosea, alikasirika kwa sababu hakuona mahali pa kuipeleka hasira. Akilini alimwona baba yake akisema tafadhali kambini, akajiuliza adabu ya mtu yule mwema inawezaje kugeuka kisu. Kesho yake alikwenda maktaba ya shule, ambayo likizo hufunguliwa kwa walimu, akateremsha ile kamusi kubwa ya Kiingereza ambayo hakuna anayeigusa isipokuwa mende. Alitaka ushahidi. Alitaka arudi kwa mama na kumwambia kwamba duniani kote, kwa watu wote walioendelea, mtu anayetaka kitu huomba kwa upole, na neno lenyewe hili hapa na maana yake hii hapa.

Akafungua kindly. Akasoma, akashusha miwani, akasoma tena.

Kamusi ilikuwa upande wa mama yake. Hapo zamani sana, Waingereza walipokuwa wakulima wa mashamba yao wenyewe, neno hilo halikuhusu kuomba kabisa. Lilitoka shina moja na maneno yao ya uzawa na ukoo. Kufanya jambo kindly kulikuwa ni kulifanya kwa asili, kama ulivyozaliwa, kama inavyopasa mtu wa nyumba hiyo. Baadaye wakaona kwamba mtu huwatendea wema watu wa damu yake bila kuambiwa, ndipo neno likaanza kubeba maana ya wema. Na mwisho kabisa, baada ya karne nyingi, ndipo wageni wasiojuana walipoanza kulitanguliza kwenye maombi yao. Waliazima neno la ukoo kwa sababu ukoo hawakuwa nao. Walikuwa wanaambiana: najua mimi si wa kwenu, lakini nitendee kana kwamba ni wa kwenu.

Devotha akafunga kamusi. Miaka yote hiyo alikuwa akiwazuia watoto kwenda chooni kwa ajili ya neno hilo, na hakuwa amelijua. Sasa alimwelewa baba yake vizuri kuliko alivyomwelewa alipokuwa hai, akamhurumia, akampenda zaidi. Baba alikuwa na haki ya kusema tafadhali kwa kila mtu, hata kwa mbuzi, kwa sababu kweli alikuwa mbali na kwao. Lakini yeye, Devotha, alikwenda kwa mjomba wake kuazima kitu alichokuwa nacho mfukoni tangu siku aliyozaliwa.

Aliona aibu, ndiyo. Lakini aibu yake haikukaa kitako. Ilisimama na kuvaa viatu.

"Mama," alisema jioni ile, "nifundishe."

"Nikufundishe nini? Wewe si ndiye mwalimu?"

"Nifundishe kwenda kama mtoto wa Magreth."

Yustina alimtazama, anapima kama anataniwa. Kisha akamwambia asogeze kigoda. Alimfundisha majina ya mama zao, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka yule ambaye hakuna anayejua alizikwa wapi. Alimwambia shamba linaanzia wapi na linaishia wapi, jiwe lipi, mti upi. Alimwambia mtoto wa lukolo akifika hapigi magoti kwa ajili ya ardhi; hutoa shikamoo kwa mjomba kama mtoto yeyote, hupita, hulima. Jembe ndilo linalosema. Wakimwacha alime, basi wamekubali, na asiyekubali ndiye mwenye kazi ya kueleza kwa nini.

"Na kama wakinitoa kwa nguvu?"

"Utatoka. Halafu utarudi. Wewe una likizo nyingi."

"Na jogoo? Yule ameshapokewa, mama. Mbele ya mashahidi."

"Hilo la jogoo utalijibu mwenyewe," Yustina alisema, akainuka kwa kushika ukuta.

Devotha alisubiri mpaka kabla ya vuli, watu wanapoanza kusafisha mashamba. Alinunua jembe, akalitia mpini, mama akalishika akalipima mkononi na kusema lile litafaa. Jumamosi moja akafika Matombo asubuhi, kanga kiunoni, jembe begani, mkono mwingine mtupu. Hakubeba hata kiberiti.

Thobias alikuwa uani, anageuza mdalasini wake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Macho yalikwenda kwenye jembe. "Umefika kulima ile pembe yako?"

Ulimi wa Devotha ulimwasha. Maneno yote ya miaka arobaini yalijipanga nyuma ya meno, yamenyooka kama wanafunzi gwaride: naomba, tafadhali, samahani, kama haikusumbui. Akayafungia yote humo humo.

"Napita shambani kwa bibi," alisema, akapita.

Hakwenda pembe ya chini. Alipanda mpaka juu, kwenye migomba, mahali ambapo mawe ya msingi wa nyumba ya Magreth bado yalionekana kwenye majani. Mananasi ya Oscar yalikuwa upande wa kulia, mistari mizuri ya mtu mwenye bidii, na moyo wa Devotha uliuma kuyaona, kwa sababu alikuwa amejiandaa kumchukia mvivu. Akaanza kulima palipo na magugu. Alikuwa amezoea chaki. Baada ya muda mfupi viganja vilianza kuwaka. Akaendelea.

Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani wakasimama, ndoo kichwani. Halafu akaja Oscar, kijana mpana wa mabega, panga mkononi, kwa kuwa alikuwa anakata migomba, si kwa ubaya.

"Dada, mbona huku? Wewe si ulipewa chini?"

"Sikupewa chini," Devotha alisema bila kuacha kulima. "Hapa ni kwa bibi yangu."

Oscar akageuka akamfuata baba yake, na baba alikuwa tayari anapanda, polepole, na mmoja wa wale wazee wawili nyuma yake. Walipofika, wanawake wa kisimani walikuwa wameshatua ndoo.

"Devotha," Thobias alisema. "Acha jembe."

Aliacha kulima, lakini hakuliweka chini.

"Ulikuja kwangu. Ukapiga magoti, ukaomba, ukatoa ngoto, huyu mzee alikuwepo. Nikakupa kipande cha mgeni, ukashukuru. Leo unapanda hapa bila hodi. Mjini ndivyo mnavyofanya?"

Ilikuwa hoja nzito, na kila mtu pale aliiona ni nzito. Devotha alisikia jasho likimteremka mgongoni. Njia nzima kutoka Morogoro alikuwa akilitafuta jibu la jogoo na hakulipata. Sasa, akiwa amesimama juu ya mawe ya bibi yake, alimtazama mjomba na kumwona kwa mara ya kwanza kama alivyo, ndugu wa mama yake, ana pua ileile na ukali uleule, na jibu likaja lenyewe.

"Ngoto anatoa mgeni, mjomba. Mimi ni Devotha wa Yustina. Yustina wa Magreth, Magreth wa Sikudhani, Sikudhani wa Mwamvua. Wewe mwenyewe ni wa Magreth. Mpwa wako alikuletea kuku, ukala. Mjomba kuletewa mboga na mpwa wake, tangu lini ikaitwa ngoto?"

Mmoja wa wanawake wale akacheka. Alikuwa Mwanaasha, mwanamke mtu mzima, mtaa mmoja na Yustina tangu wakiwa wasichana, na cheko lake lilijulikana bonde zima.

"Thobias, si kweli kuku ulikula?"

"Nilikula," Thobias alisema, na hakupenda kulisema.

"Basi mpwa kakulisha. Ungekuwa umemrudisha, hapo tungeongea. Na huyu hata asingetaja majina, tazama alivyosimama. Huyo ni Yustina huyo."

Yule mzee shahidi akakohoa tena, kikohozi chake kilekile, na safari hii akasema. Alisema siku ile aliona jambo halikuwa sawa, kwamba mtoto wa Yustina kuomba shamba la mama yake ni kama mtu kubisha hodi chumbani kwake. Lakini yeye ni mtu wa pembeni, aliona mkuu wa lukolo atasema mwenyewe. Mkuu hakusema.

Thobias alimtazama Oscar, na mtu yeyote aliyezaa angeona kilichokuwa kwenye macho yale.

"Ni mwanangu," alisema, kwa sauti ya chini.

"Najua, mjomba," Devotha alisema. Alitamani kuongeza neno la kumpoza. Alikuwa nayo mengi, angeweza kumfunika nayo kama blanketi. Hakuongeza.

Thobias alisogea mpaka pale alipokuwa amelima. Alisukuma donge la udongo kwa kidole cha mguu.

"Unalima vibaya," alisema. "Unavuta udongo wote chini, mvua ya kwanza itaupeleka mtoni. Geuka. Magugu yapange kwa mstari, yakate mteremko. Nani kakufundisha kushika jembe hivyo?"

"Hakuna aliyenifundisha."

"Inaonekana. Geuka, nimesema."

Devotha akageuka. Alipanga magugu kama alivyoelekezwa, na macho yalimwuma, na alishukuru kwamba jasho lilikuwepo la kusingiziwa. Hakuna aliyewahi kumwamuru hivyo isipokuwa mama yake. Mjomba alisimama akimsahihisha mara mbili zaidi, kwa ukali, bila kupunguza neno, kisha akasema Yustina aletwe kabla njia haijaharibika kwa mvua, na hayo mawe yasitupwe, msingi uinuliwe palepale. Akateremka bila kuaga. Mzee shahidi akamfuata, wanawake wakajitwika ndoo, Mwanaasha bado akicheka peke yake njiani.

Oscar alibaki. Alikaa juu ya kisiki muda mrefu, panga likiwa magotini, anayatazama mananasi yake. Yalikuwa bado machanga, mengi yakiwa hayajatoa hata tunda. Mwishowe akainuka, akaja mpaka mahali ambapo udongo mpya ulianzia, akasimama bila kuukanyaga.

"Dada Devotha," alisema. "Tafadhali, naomba uniachie mpaka yaive."

Jembe lilisimama hewani. Hakuna mtu aliyemfundisha kijana yule kusema hivyo; yeye mwenyewe, bila mashahidi, bila kuku, alikuwa amejiweka nje ya shamba alilolitolea jasho. Devotha alijua hasa neno lile lilikuwa limemgharimu nini. Huruma ilimpanda, na pamoja nayo maneno yote mazuri ya baba yake, na aliona wazi kwamba akiyaachia, kwa upole, kwa adabu, angempa kijana huyu tumaini la kudumu hapo mwaka baada ya mwaka, na mama yake angefia Msamvu.

"Vuna yote mpaka yaishe," alisema. "Usipande mengine."

Oscar aliitikia kwa kichwa. Devotha akashusha jembe.